Mto Tana na Wachoraji wa Mbali

Uwe uko Garsen mjini, pale Minjila njia panda, Ngao, Tarasaa, au umo ndani ya basi ukielekea Lamu, karibu tuzungumze. Jioni hii sizungumzii bei ya maembe wala mpaka wa malisho. Nazungumzia picha za kuchora, na hasa picha za ardhi: mto, miti, anga, ukingo wa maji.

Mwaka 1891 Wajerumani walipata kusoma kitabu kinene cha Carl Peters, yule aliyepita huku kwetu kwa jina la kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama ndani ya bara. Kurasa za mwanzo zimejaa majina tunayoyajua: Witu, Ngao, Golbanti, kisha kijiji kwa kijiji akiufuata Tana kwenda juu. Kitabu kina picha 32 za ukurasa mzima na nyingine 66 zilizopachikwa katikati ya maandishi, na zote zimetajwa kuwa kazi ya mtu mmoja, Rudolf Hellgrewe wa Berlin. Huyu alikuwa mchoraji wa mandhari hasa. Alizaliwa 1860, akasomea katika Chuo cha Sanaa cha Berlin chini ya Eugen Bracht, bwana aliyejipatia sifa kwa picha za jangwa baada ya kuzuru Shamu, Palestina na Misri mwaka 1880 na 1881. Hellgrewe mwenyewe aliwahi kufika Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1880. Lakini katika msafara wa Peters hakuwemo. Msafara ulipopita Ngao mwaka 1889, aliyeuchora mto huo kwa ajili ya kitabu hakuwa ukingoni.

Nimelishikilia jambo hili kwa sababu karne ya 19 ndiyo karne ambayo uchoraji wa mandhari ulipanda cheo duniani. Na mimi naamini, msikilizaji, kwamba uliinuliwa na watu waliokaa mahali wakapajua, wakapachora tena na tena. Tana katika karne hiyo haikumpata mtu wa namna hiyo. Ilipata wapitaji. Nafasi yake iko wazi mpaka leo, na watu wa kuijaza wamo humu humu katika vijiji vyetu.

Tuanze na hali ilivyokuwa huko Ulaya. Mwanzoni mwa karne hiyo, walimu wa vyuo vya sanaa walizipanga picha kwa daraja. Juu kabisa waliweka visa vikubwa vya dini, wafalme na vita. Mandhari ilikaa karibu na mkia. Mto na mti vilikuwa pazia la nyuma la hadithi ya mtu fulani mashuhuri. Mwaka 1817 Chuo cha Sanaa cha Paris kilianzisha tuzo ya mandhari, lakini kwa sharti kwamba iwe mandhari ya kihistoria, yaani ndani yake watu wa zamani wawe wanafanya jambo la maana. Ardhi peke yake haikutosha.

Kisha akaja John Constable. Huyu alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa 1776 katika kijiji cha East Bergholt. Baba yake alikuwa na vinu vya kusagia nafaka, kimojawapo kikiwa Flatford, kando ya Mto Stour. Mto wenyewe si mkubwa, mtu wa Tana angeuona kijito. Constable alikulia pale, akijua mahali maji yanapokuwa ya kina na mahali mkokoteni unapoweza kuvuka. Mwaka 1821 alionyesha London picha yenye upana unaokaribia mita 2. Ndani yake mna mkokoteni uliosimama katikati ya maji, farasi wanapoza miguu, kuna nyumba ya mkulima upande wa kushoto, na juu mna anga kubwa lenye mawingu yanayotembea. Hakuna mfalme wala malaika. Pale London haikupata mnunuzi. Mwaka 1824 ilipelekwa Paris, ikapewa nishani ya dhahabu, na vijana wa Kifaransa waliposimama mbele yake waliona kwamba inawezekana kuchora shamba la nyumbani kwa ukubwa na heshima ile ile waliyopewa mashujaa.

Ila picha ile kubwa Constable aliimalizia chumbani London. Kilichomwezesha ni vipande vidogo alivyokuwa amevichora kando ya mto kwa miaka mingi. Mwaka 1821 na 1822, akiwa Hampstead, alikuwa akitoka nje na karatasi na rangi za mafuta kuchora mawingu tu. Nyuma ya karatasi aliandika tarehe, saa, na upepo unakovumia. Mimi huwa nazitafakari sana karatasi zile. Mtu aliyeandika upepo nyuma ya picha ya wingu anafanya kazi moja na nahodha wa jahazi wa Kipini, ambaye kabla hajatweka tanga lazima ajue ni kusi au ni kaskazi.

Baadaye vifaa navyo vikawa vyepesi. Kabla ya hapo rangi ya mafuta ilihifadhiwa katika kibofu cha nguruwe kilichofungwa kwa uzi. Ukitaka kuitumia unakitoboa, na ukishakitoboa rangi iliyobaki huanza kukauka. Kuibeba porini ilikuwa taabu. Mwaka 1841 mchoraji wa Kimarekani aliyekuwa akiishi London, John Goffe Rand, alisajili uvumbuzi wake wa kijitubu cha bati laini, kama hiki cha dawa ya meno. Reli zikaanza kuwatoa wachoraji mjini asubuhi na kuwarudisha jioni. Kundi la Wafaransa likahamia karibu na msitu wa Fontainebleau, katika kijiji cha Barbizon, wakachora miti na malisho. Na mwaka 1874, Claude Monet na wenzake wakafanya maonyesho yao Paris, moja ya picha ikiwa ya bandari ya Le Havre alfajiri, jua jekundu ndani ya ukungu.

Kati ya hao wote, anayetugusa zaidi sisi watu wa mto ni Charles-François Daubigny. Mwaka 1857 alijitengenezea mashua, akaijengea kibanda juu yake, akaingiza rangi, turubai na vyakula, akawa anaishi humo akipanda na kushuka mito ya Oise na Seine. Picha zake nyingi unaziona kutoka katikati ya maji: ukingo kulia, ukingo kushoto, na mto unakuja kukukabili. Monet naye baadaye akafanya mashua yake ya kuchorea.

Hebu ipeleke mashua hiyo kwenye Tana. Anayeishi Wema au Hewani anajua jambo ambalo mgeni halioni. Huku chini kwenye delta, mto wenyewe umejijengea kingo. Kila mafuriko yanapotanda, tope zito hutulia kwanza karibu na maji, na kwa miaka mingi ukingo ukawa juu kuliko bonde lililo nyuma yake. Ndiyo maana vijiji vingi vya Wapokomo na miembe yao vimejipanga ukingoni, na mashamba ya mpunga yakashuka nyuma, kwenye mabonde yanayoshika maji. Kwa hiyo aliye ndani ya mtumbwi wakati maji yamepungua huona kuta mbili za udongo, migomba, vilele vya mikoma, na mbingu. Upande wa pili wa ukingo, kule ng'ombe wa Waorma na Wawardei wanakoteremka kiangazi kutafuta nyasi, haoni kitu. Nusu ya nchi imejificha. Anayepita kwa mtumbwi atachora msitu. Aliyepita kwa miguu Januari atachora uwanda mkavu. Akipita Mei wakati wa masika, huenda akachora bahari. Wote watatu wamechora Tana, na hakuna hata mmoja aliyeichora yote.

Wapitaji wenyewe walikuwa wa namna nyingi. Wa kwanza walikuwa mabaharia. Kuanzia 1822 hadi 1826 Kapteni William Owen wa jeshi la maji la Uingereza alipima pwani za Afrika, pamoja na hii yetu. Maofisa wa meli za vipimo walifunzwa kuchora sura ya pwani inavyoonekana kutoka baharini, ili nahodha anayefuata aitambue. Ni mandhari, lakini mandhari ya mtu ambaye hajashuka. Mfaransa Charles Guillain alifuata kati ya 1846 na 1848, na kazi yake ikatolewa pamoja na albamu ya picha zilizochapwa kwa jiwe.

Kisha kulikuwa na fikra ya Alexander von Humboldt. Mtaalamu huyu wa Berlin, katika juzuu ya pili ya kitabu chake Kosmos, iliyotoka 1847, aliwahimiza wachoraji wa mandhari wasafiri hadi nchi za joto, waichore mimea na anga pale pale zilipo. Mwito huo ulimtoa Mmarekani Frederic Church hadi milima ya Andes. Kwa upande wetu, mwaka 1865 Mjerumani Carl Claus von der Decken aliondoka Unguja kwa meli ya mvuke kuelekea Mto Juba, na miongoni mwa watu wake alikuwemo mchoraji, Eduard Trenn. Walipanda mto hadi karibu na Bardera, meli ikavunjika mwambani, kambi ikavamiwa. Trenn akauawa, na von der Decken mwenyewe akauawa Bardera. Mchoraji aliyeletwa na msafara akaishia kwenye Mto Juba.

Kwenye Tana wakaja wapimaji. Mwaka 1878 Clemens Denhardt, nduguye Gustav na daktari Gustav Fischer waliingia nchi ya Wapokomo. Walichotaka ni ramani na biashara. Wamishonari nao waliingia: Wamethodisti Golbanti, ambako John Houghton na mkewe waliuawa Mei 1886 katika uvamizi wa Wamaasai, na Wajerumani wa Neukirchen pale Ngao mwaka 1887. Hawa angalau walikaa. Ila kazi yao iliyobaki ikajulikana ni ya lugha: Ferdinand Würtz aliyakusanya maneno ya Kipokomo na kuyachapisha. Waliokaa walishika kalamu. Wenye brashi walipita, au hawakufika kabisa.

Turudi sasa kwa Peters na picha za Hellgrewe, maana hapa sitaki tupite haraka. Peters aliteremka kwa siri karibu na Lamu Juni 1889, manowari za Waingereza zikiwa zimemzuilia njia. Julai akatoka Witu kuufuata mto. Njiani alitwaa chakula kwa nguvu katika vijiji ambavyo havikuwa na ziada, na huko juu, Oda-Boru-Ruwa, watu wake wakapigana na Wagalla, kama walivyoitwa Waorma zama hizo, wakamuua kiongozi wa Wagalla hao. Akajenga boma hapo, akapandisha bendera ya Ujerumani. Kisha akaendelea na safari, na alipofika tena pwani katikati ya 1890, mambo yalikuwa yamegeuka. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitiliana sahihi mkataba uliomkabidhi Mwingereza Witu na nchi hii yote ya Tana, na Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland.

Kwa hiyo kitabu kilipotoka 1891, mto uliomo ndani yake ulikwisha toka mikononi mwa Wajerumani. Msomaji wa Berlin alizifungua kurasa akaoneshwa nchi aliyoambiwa kwamba imemponyoka. Hiyo ndiyo kazi ambayo mandhari ilipewa hapo: kumtia mtu hamu ya ardhi ya wenyewe. Sisemi Hellgrewe hakuwa na kipaji. Mtu aliyefunzwa na Bracht alijua kupanga mwanga na kivuli. Nasema kipaji hicho kiliwekwa chini ya maneno ya mtu mwingine, na maneno hayo yalikuwa ya mtu mwenye bunduki. Peters huyo huyo alifukuzwa kazi ya serikali yao mwaka 1897 kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro. Picha za safari yake haziwezi kutazamwa kama vile zimetoka angani.

Muda mfupi baadaye kamera ikachukua nafasi. Mmarekani William Astor Chanler alipoupanda Tana mwaka 1892, pamoja na Ludwig von Höhnel, kitabu chake cha 1896 kilitoka na picha za kamera. Karne ikafungwa hivyo.

Labda utaniuliza: je, sisi wenyewe hatukuwa na mandhari? Tulikuwa nayo, lakini tuliiweka katika maneno na sauti. Mwanzoni mwa karne hiyo hiyo ya 19, zama za Constable, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi. Humo majumba makubwa yaliyokuwa yaking'aa kwa taa yanaonekana yamebaki magofu, na viumbe vya usiku vimehamia vyumbani. Yule ni mtu wa mahali akitazama mahali pake. Na upande wa mto, akina mama wa Kipokomo walikuwa na bembelezo ambalo sauti yake Kenya iliichukua mwaka 1963 ikawa Wimbo wa Taifa. Taifa zima linasimama wima kwa sauti ya Tana. Kwa macho, hata hivyo, Mkenya wa Nyeri au Kisumu akiambiwa afikirie Tana, mara nyingi kinachomjia ni picha ya habari: mafuriko, au vijiji vilivyoungua wakati wa mapigano ya 2012. Hilo linaniuma, na sioni haya kusema hivyo.

Katika karne ya 20 Waafrika Mashariki waliichukua sanaa hii wakaigeuza iwe yao. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alichora vijiji vya Wachagga, migomba, njia na watu wakienda arusini, bila kumwigiza mtu. Mwaka 1960 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York likainunua picha yake moja. Elimo Njau wa Marangu alipopewa kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959, alikiweka kisa cha Yesu ndani ya vilima na mashamba ya Wakikuyu, kisha mwaka 1965 akaanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi. Wote wawili ni watu wa mlima. Mto bado unasubiri wake.

Na mto hausimami, jambo ambalo mpitaji hawezi kulichora. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, na maji yakaupenda mfereji kuliko njia yao ya zamani, hata mdomo wa mto ukawa Kipini. Karne iliyofuata mabwawa yakajengwa huko juu, Masinga likikamilika 1981, na mafuriko yaliyokuwa yakirutubisha mashamba yakabadilika nguvu na nyakati. Mti wa mathenge umefunga njia za mifugo. Delta imetambuliwa tangu 2012 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, zaidi ya hekta 160,000, lakini mzee wa Kipao ukimwuliza maji yalikuwa yakifika wapi alipokuwa kijana, ana mkono wake tu wa kukuonyesha. Hana karatasi.

Walimu mnaonisikiliza, somo la sanaa bunifu limo katika mtaala wa sasa, na mara nyingi watoto wanachorewa ubaoni nyumba ya bati na jua lenye miale, wanakili. Watoeni nje. Kipande cha mkaa na karatasi ya daftari vinatosha kwa kuanzia. Udongo mwekundu wa ukingoni ukichanganywa na maji na gundi kidogo unatoa rangi ya Tana yenyewe. Mtoto wa Idsowe achore kutoka ukingoni, wa Kiorma achore kutoka upande wa malisho, maana yeye analiona bonde ambalo wa mtumbwini halioni, kisha karatasi zibandikwe pamoja ukutani. Msiwaache wakaribie maji peke yao, mamba wapo. Warudi mahali pale pale kiangazi na masika. Nyuma ya kila karatasi mtoto aandike jina la kijiji, tarehe, saa, na kama ni kusi au kaskazi, na mwalimu aziweke ofisini pamoja na rejista, zisichomwe muhula unapofungwa.